Nimerudi Pangani, na nyumba za ukingoni mwa mto zinaanguka

Wenzangu mliokulia Pangani hamhitaji kuelezwa jinsi mji ulivyokaa: mto kusini, bahari mashariki, Bweni ng'ambo na pantoni katikati. Yote hayo yapo. Nimerudi kutoka Muscat baada ya miaka mingi, nimewasalimia wazee waliobaki, na mabadiliko mengi nimeyapokea kwa moyo mkunjufu. Hata daraja la mita 525, linalojengwa ili barabara ya Tanga iende hadi Bagamoyo kupitia Saadani, sina ugomvi nalo, kwani sote tunawakumbuka wagonjwa wa Bweni waliokesha wakisubiri kuvushwa. Kilichonivunja moyo ni nyumba za mawe zinazoutazama mto.

Mnaikumbuka ile ya ghorofa ambayo chini yake palikuwa na duka la kanga, na barazani walikaa wazee alasiri wakicheza bao. Paa lake limeporomoka ndani. Ncha za boriti za mikoko bado zimechomoza ukutani, na chini ya kila ncha maji ya mvua yamechimba mfereji katika chokaa mpaka mawe ya matumbawe yakaonekana. Mlango wa kuchonga haupo. Umeng'olewa na fremu yake, mfaa wake (ule ubao wa katikati) na tumbuu zake (pete za chuma za kufungia), likabaki pengo lililozibwa kwa mabati yenye kutu. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba uliuzwa zamani, na hakuna aliyetaka kusema uliuzwa na nani wala fedha zilikwenda wapi. Jirani yake ina mlango bado, lakini mzizi wa mtini umepita juu ya kizingiti na kuupasua ukuta kutoka juu hadi chini. Nilisimama pale kwa hasira ambayo hadi leo haijanitoka.

Mivinje ya kisiwa cha Maziwe, kilicho baharini karibu na Pangani, ilichukuliwa na bahari, na hapakuwa na mtu wa kuizuia. Leo maji yakijaa kisiwa chenyewe hufunikwa. Nyumba hizi hazichukuliwi na bahari. Zinakufa kwa kukosa paa na kwa kukosa mtu. Ukuta wa mawe na chokaa hudumu miaka mingi sana ukifunikwa juu na kupakwa chokaa mara kwa mara, lakini ukiachwa wazi masika mawili matatu, maji huingia katikati ya ukuta na kuilainisha chokaa inayoshikanisha mawe. Baya zaidi ni matengenezo ya haraka niliyoyaona mahali pengi, yaani lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Saruji haipumui; unyevu hufungiwa ndani, na lipu inapobanduka huondoka na uso wa jiwe.

Anayetaka ushahidi na alitazame Boma, jengo la zamani la serikali. Ni kongwe, limepita mikononi mwa tawala kadhaa, na bado limesimama, kwa sababu halikuachwa ukiwa na paa lake halikusahauliwa. Nyumba za watu binafsi hazikupata bahati hiyo. Mwenye nyumba alifariki, watoto wakaenda Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na huko Uarabuni nilikokuwa, wajukuu hawajuani, na kila mmoja anasubiri fungu lake la mirathi. Mmoja akitaka kuezeka, wengine humshuku kwamba anataka kuitwaa nyumba. Nimekaa na watu wa koo mbili na kusikia maneno yale yale, huku kule ukingoni mawe yakiendelea kudondoka.

Huu ni mji ulioandika historia kwa damu. Misafara ya pembe za ndovu ilishuka hapa kutoka Umasaini na Kilimanjaro. Watumwa walipita hapa, na wengine walifanyishwa kazi katika mashamba ya miwa ya kando ya mto. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim, mwenye shamba wa hapa hapa, aliongoza vita dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na tarehe 15 Desemba 1889 walimnyonga katika mji huu huu. Ng'ambo, Kikogwe, ndiko mkonge ulikoanza kupandwa nchini mwaka 1893. Utajiri uliojenga ghorofa zile haukuwa safi, nami sitaupamba, lakini kuta zikimalizika, ushahidi wa dhuluma ile nao unapotea, na watoto wetu watabaki kusimuliwa tu.

Kwa wanaopanga kuja kutembea, njooni sasa, mpite kwa miguu asubuhi kabla ya jua kali, na msiingie ndani ya nyumba isiyo na paa hata mkikaribishwa. Msinunue kipande chochote cha mlango, hata mkiambiwa kwamba kingetupwa.

Kwa warithi wenzangu nina ombi moja. Kutaneni, hata kwa simu, mchague msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama, ili awepo mtu mmoja mwenye haki ya kutia fundi kazini. Masika huanza Machi, kwa hiyo kazi ianze wakati wa kaskazi. Mitini ikatwe na visiki viuliwe pale pale vilipo, kwa maana ukivuta mzizi utaanguka nao ukuta. Kisha ziezekwe, hata kwa mabati ya kawaida, na lipu isubiri mpaka kuta zikauke na fundi anayejua chokaa apatikane. Mafundi hao wapo bado, wazee wachache. Nimezungumza na mmoja wao, naye yuko tayari kuanza mara tu atakapoitwa na mwenye idhini.