Cap moja, kofia kibao

Wadau, neno la Kiingereza lililonipiga chenga kuliko yote huku Ohio sio yale marefu ya darasani, ni cap. Kepu tu hii ya kuvaa, ambayo kwetu Tanga tunaita kapelo na hata mtoto wa chekechea anaijua.

Nilivyokuja kusoma nikapata kibarua jikoni kwenye mgahawa wa chuo, siku ya kwanza supavaiza akaniambia cap yako masaa 20, na kwa vile wenzangu wote wamevaa kepu za bluu mi nikajua hapa ukifikisha masaa 20 ndo unapewa ya kwako. Nikapiga kazi, wiki nzima nimevaa neti ya nywele na kipara changu hiki, masaa yalipotimia nikamfata nikamwambia nimekuja kuchukua kepu. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 muhula ukiwa unaendelea haruhusiwi kuzidisha masaa 20 kwa wiki, na huo ukomo ndo cap. Kepu yenyewe zilikuwa zimejaa kwenye boksi siku zote, ungeomba tu.

Ukiwasikiliza sana unagundua kwao kinachokaa juu kikafunika ni cap. Kizibo cha soda, kifuniko cha tenki la mafuta ya gari, hata mishahara ya timu za NBA nayo imewekewa cap isipande. Sie kizibo ni kizibo, hakivaliwi (ingawa bosi mwenye vyeo viwili tunasema ana kofia mbili, so tusiwacheke sana). Kwenye mpira ndo angalau kuna kofia ya kweli: tangu 1886 Waingereza walikuwa wanampa mchezaji wa timu ya taifa kofia ya kitambaa kabisa, ndo maana mpaka leo wanasema Cobi Jones ana cap 164 na Marekani, yaani mechi.

Halafu kuna hawa watoto. Juzi namuuliza mpwa wangu umekula, ananijibu nimekula anko, no cap. Nikamwambia kofia naona huna, mi nimeuliza chakula. Kwao cap ni uongo, wameitoa kwa Wamarekani weusi, marapa wa Atlanta ndo wameisambaza.

Ila iliyoniuma ni ya viza. Nimemaliza masta, kampuni ikaniombea H-1B, viza ya kufanya kazi huku, na hiyo cap yake kwa mwaka ni 65,000 na nyongeza 20,000 za wenye masta ya vyuo vya huku, waombaji wakizidi inachezeshwa bahati nasibu. Jina langu halikutoka. Usiku ule nikampigia mama, nikamweleza kwa Kiswahili nilichokuwa nacho kwa uchungu ule, mama nimekosa kofia ya serikali. Akanyamaza kidogo, akasema sasa mwanangu kofia ndo ya kulilia, si hapa Ngamiani zimejaa, nikutumie ya saizi gani?

Na akatuma kweli, ya kushona kwa mkono, akampa mtu aliyekuwa anakuja Columbus. Ilifika wiki ileile nimepata kazi chuo kikuu, ambako cap ya H-1B haiwahusu kabisa. Siku ya kuripoti nikaivaa.