Amosi, unaona nini?

Somo la wiki: Amosi 8:1–7

Katika maono ya Amosi, lile la kikapu tunalipita mbio. Nzige tunawahubiri, moto tunauhubiri, timazi nayo haikosi mhubiri kila kanisa linapojengwa. Lakini kikapu cha matunda? Hapa hakuna mnyama mwenye pembe kumi. Mungu anamwonyesha nabii matunda ya msimu, halafu anamuuliza, "Amosi, unaona nini?" Na Amosi, mtu wa Tekoa aliyechunga mifugo na kutunza mikuyu, hajitii ujuzi wowote. Anasema anaona kikapu cha matunda. Mungu hamsahihishi. Anaanzia hapo hapo kusema naye.

Mji wetu wa Lubumbashi haujakosa wachoraji. Tangu 1946 vijana wa Hangar, karakana ya uchoraji, akina Pilipili, Bela na Mwenze, walichora samaki, ndege na wawindaji. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi picha baada ya picha, na sebuleni kwa wazazi wetu wengi kulikuwa na mamba-muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, au ile picha ya wakati wa Wabelgiji, mfungwa amelazwa chini anapigwa kiboko. Tumezoea picha zenye kisa. Nani angetundika ukutani meka, kile chombo cha kupimia unga sokoni?

Yupo. Kijana mmoja wa Katuba anaonyesha kazi zake mwezi huu katika ukumbi mdogo mjini kati, na zote ni picha za vitu tu, zile ambazo kwa Kifaransa wanaziita nature morte. Mbabula, jiko la makaa, ambayo makaa yake yamegeuka majivu. Ndakala, wale samaki wadogo wakavu, juu ya kipande cha gazeti. Maembe kwenye sahani ya bati, moja limeanza kushika doa jeusi karibu na kikonyo. Hakuna uso wa mtu hata mmoja. Ndugu niliyekwenda naye aliuliza kwa sauti, bila haya, kama msanii alikosa watu wa kuchora.

Meka iko peke yake kwenye ukuta wa mwisho. Imelazwa ubavu, tupu, mdomo umeelekea kwetu, na vumbi la unga limeganda pembeni mwa kitako. Ukisogea unaona kwamba kitako hicho kimegongwa kutoka nje, kikavimba kwa ndani. Mwanga umepiga pale pale kwenye uvimbe.

"Papa, hii niliinunua sokoni vile ilivyo," kijana akaniambia. "Nilitaka kuchora unga. Nilipoilaza mezani ili niifute, ndipo nikaona."

Sisi sote tumekula unga wa meka. Malori yakikwama mpakani Kasumbalesa tunajua siku hiyo hiyo, maana bei inapanda kabla ya jua kuzama. Tunapiga kelele juu ya bei. Chini ya kipimo hatuangalii, kwa sababu muuzaji anakijaza mpaka unga unasimama kama kichuguu, na macho yetu yanabaki juu kwenye kilele.

Rudini sasa kwa Amosi. Mara tu baada ya kikapu, mstari wa 4 hadi wa 6, Bwana anaingia sokoni. Anawataja watu waliokaa ibadani wakihesabu saa, wakiuliza mwezi mpya na sabato vitakwisha lini ili wafungue biashara. Wanapunguza efa, kipimo cha nafaka, wanaongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha, wanauza hata takataka za ngano. Ibada hawakukosa! Hilo ndilo linalonichoma zaidi katika sura hii. Na mkisoma sura ya 7 mtaona Amosi aliomba huruma mbele ya nzige na mbele ya moto, na Bwana akaghairi. Mbele ya kikapu hasemi neno la kuombea. Matunda yameiva, hakuna wa kuyarudisha kuwa maua.

Lakini tusikimbilie kumshika mama wa meka. Ni rahisi mno, yuko karibu na hana mtetezi. Gunia lenyewe huenda lilimfikia limepungua, na aliyempunguzia hakai sokoni juani. Tena katika Katanga hii wachimbaji wadogo wamelalamika miaka mingi juu ya wanunuzi wa madini, mizani yao na vile vyombo vya kupima ubora wa mawe: mchimbaji analeta gunia, mnunuzi anasoma namba, na namba hiyo ndiyo chakula cha watoto wa mtu. Amosi alisema na wale waliokuwa wakiwanunua maskini kwa jozi ya viatu. Hao hawapimi kwa meka.

Mstari wa 7 unasema Bwana ameapa kwamba hatasahau kamwe hata moja ya kazi zao. Kwa anayepunja ni tisho. Kwa mama aliyefika nyumbani na unga usiotosha sufuria, akadhani yeye ndiye hajui kupika bukari, ni habari njema.

Wiki hii tusome Amosi 7 hadi 9, kila nyumba kwa sauti. Tuwaombee wenye mizani, wadogo na wakubwa, na tumwombee kijana huyu. Nasikia picha za maembe zimepata wanunuzi, ile ya meka bado, na kodi ya chumba anachochorea inamsubiri mwisho wa mwezi. Mwenye nafasi aende akaitazame.