Siku ya 17, si ya 11

Mara mbili nilimpeleka mbwa wangu jike, Jemani Shepadi, kwa dume siku ya 11 na ya 13 tangu aanze kutoka damu, kama wafugaji wengi tunavyofundishana. Mara mbili hakushika mimba. Watu wakaanza kuniambia ni tasa, nimtoe. Iliniuma sana, maana nimemlea tangu ana wiki nane.

Joto lililofuata, yaani kipindi chake kingine cha kupandishwa, daktari wa mifugo akashauri tupime projesteroni, homoni inayopanda kwenye damu mayai yanapokaribia kutoka. Damu kidogo tu ya mguuni. Siku ya 7 ilikuwa chini ya nanogramu 1 kwa mililita. Siku ya 11, 1.4. Yaani siku ile niliyokuwa nikimpeleka, mwili wake ulikuwa bado kabisa! Siku ya 13 ikafika 2.6, ya 15 ikasoma 6: mayai yanatoka. Nikataka kukimbilia kwa dume jioni hiyohiyo. Daktari akanizuia. Mayai ya mbwa hutoka yakiwa machanga, yanahitaji kama siku mbili kukomaa ndipo mbegu ziweze kuyarutubisha. Tukapandisha siku ya 17 na ya 19.

Vipimo vinne si bei rahisi, lakini zile safari za bure zilinigharimu zaidi.

Tarehe ya kuzaa tulihesabu siku 63 tangu mayai kutoka, si tangu kupandishwa. Usiku wa siku ya 62 akaanza kuhema na kuchimba matandiko yake. Watoto saba! Wa mwisho alitoka kimya, nikamsugua kwa taulo mpaka akalia.