Wiki mbili nafuta maji chooni, kumbe shida ni kiraba

Huku kwetu Tabata, Dar, kwenye nyumba ya kupanga nilikuwa na kidimbwi nyuma ya sinki la choo, kila asubuhi nafuta, nikirudi kazini nakuta kingine nafuta tena. Mwanzoni nikamsingizia mtoto, maskini wa watu, nikajua ndo anamwaga maji akinawa. Usiku mmoja nikatega bakuli chini ya ile koki ndogo ya ukutani, asubuhi nikapima na jagi nikapata lita 3, na hapo ni masaa 8 tu. Piga hesabu, lita 9 kwa siku, mwezi 270, yani ndoo kubwa 13 na chenji zinaishia kwenye dekio, na bili nalipa mimi.

Fundi bomba nikampigia, akasema yupo njiani. Hiyo njia sijui ilikuwa ya wapi maana siku ya tatu bado alikuwa njiani.

Nikaenda kwa mzee jirani, shikamoo baba, naomba ile spana inayopanuka na kubana, akacheka akaniambia mwanangu sema tu spana malaya, ndo jina lake. Nikarudi nayo nikabana nati ya chini pale kwenye koki maana ndo tone lilipokuwa linaning'inia. Likaendelea. Nikanunua tepu nyeupe ile ya bomba nikazungusha kama nafunga bandeji, wapi.

Kijana wa duka la hadwea ndo alinifungua macho. Dada, maji yanadondokea chini ila hayajaanzia chini, kausha kila kitu na kitambaa halafu kila kiungo uzungushie tishu, usubiri. Nikafanya hivyo, dakika 10 hazijaisha tishu ya juu imelowa chapachapa, pale fleksibo, yani ule mpira unaopeleka maji kutoka kwenye koki, inapoingilia kwenye tenki la choo, ya chini ngumu kavu kabisa! Maji yalikuwa yanateremka taratibu na ule mpira mpaka chini, na mimi nahangaika na kiungo kisicho na kosa.

Na ile tepu yangu akasema haina kazi kwenye fleksibo, tepu unaweka pale koki inapoingia ukutani kwa sababu pale kinachozuia maji ni nyuzi zenyewe, ile mikato kama ya skrubu. Kwenye fleksibo kinachozuia ni washa, kile kiraba cha ndani ya nati, kikikaa vizuri basi. Changu nilipokitoa kilikuwa kimekauka kimepasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Nilitaka ninunue kiraba peke yake ila zile waya za chuma zilizosukwa nje ya mpira nazo zilishaanza kutu, akaniuliza unamwagia dawa ya klorini eeh? Namwagia sana kumbe inazila. Nikachukua fleksibo mpya ya nusu inchi, urefu ule ule wa zamani.

Sasa kufunga. Nikafunga koki nikaflashi tenki liishe, nikalegeza nati, maji pwaa! Koki yenyewe imezeeka haifungi mpaka mwisho. Nikakimbia nje kufunga valvu kubwa inayotoka kwenye simtanki, ambalo tunatumia nyumba nzima, na sikumwambia mtu. Nikasikia kwa dada wa chumba cha mbele, JAMANI NANI KAFUNGA MAJI, yuko na mapovu kichwani. Samahani dada dakika 5! Zikawa 20.

Yote hayo kazi yenyewe ni ndogo. Unashika kwa mkono kile kishina cha plastiki cha tenki, kile nati inapofungiwa, kisizunguke nayo, nati unaibana kwa vidole mpaka igome, halafu spana robo mzunguko tu basi. Ukijifanya una nguvu plastiki inapasuka, unanunua kifaa chote cha ndani ya tenki pamoja na boya lake. Mimi robo ile niliibana nimefumba macho.

Tishu nimeziacha pale pale, leo siku ya nne kavu. Koki nimemwambia mama mwenye nyumba, kasema ninunue atakata kwenye kodi, tutaona. Dada wa chumba cha mbele bado hajanisalimia.