Kourabiedes: biskuti za siagi za Krismasi ya Kigiriki

Kourabiedes iliyofanikiwa haihitaji meno. Ukiibana kati ya ulimi na kaakaa inavunjika yenyewe. Ikiwa ngumu, ujue unga ulikandwa mno.

Kwa biskuti kama 30: siagi isiyo na chumvi gramu 250, sukari ya unga gramu 100, kiini cha yai 1, brandi vijiko 2 vya chakula, vanila kidogo, unga wa ngano gramu 400, beking pauda nusu kijiko cha chai na lozi gramu 150. Weka pembeni sukari ya unga gramu 300 ya kufunikia. Ndiyo, yote hiyo. Ugiriki wengi huchanganya na siagi ya maziwa ya kondoo au mbuzi, ambayo harufu yake ni kali zaidi.

Kaanga lozi kwenye oveni dakika 8 hadi 10, zikatekate, kisha ziache zipoe kabisa, maana lozi za moto huyeyusha siagi.

Kazi yote iko kwenye siagi. Iwe laini, isiwe imeyeyuka. Ipige na sukari kwa mashine dakika 10 hadi 15, mpaka iwe nyeupe na nyepesi kama povu. Ukikatisha njiani, biskuti zitakuwa nzito. Tia kiini, brandi na vanila, kisha zima mashine. Unga na lozi changanya kwa mkono, kidogo kidogo, na uache mara tu unapoona unga mkavu umekwisha. Finyanga tonge: likipasuka pembeni, unga umezidi, likinata viganjani, ongeza kijiko kimoja cha unga.

Tengeneza viduara vya gramu 30 au miezi michanga. Wengine huchomeka karafuu moja juu. Oka kwa nyuzi 170, dakika 20 hadi 25. Chini ziwe na rangi ya dhahabu hafifu, juu zibaki nyeupe. Usiziguse zikiwa za moto, zitasambaratika.

Sukari ndiyo inayowashinda wengi. Ukiimwaga juu ya biskuti za moto inageuka uji. Nyunyiza maji ya waridi kwa wepesi zikiwa vuguvugu, chekecha sukari safu ya kwanza, halafu safu nene zikishapoa.

Waorthodoksi hawali siagi wala mayai katika mfungo wa siku 40 kabla ya Krismasi, kwa hiyo hizi ni za sikukuu yenyewe; melomakarona, biskuti nyingine za Krismasi zinazotengenezwa kwa mafuta na asali, zinafaa hata wakati wa mfungo. Kourabiedes hupangwa kama mlima kwenye sinia na kuliwa na kahawa ya Kigiriki, ikiwezekana isiyo na sukari. Huonekana pia kwenye harusi na ubatizo. Maarufu zaidi hutoka Nea Karvali, karibu na mji wa Kavala kaskazini mwa Ugiriki, kijiji cha wakimbizi waliotoka Kapadokia, eneo la Uturuki ya leo, miaka ya 1920.

Unapouma, usivute pumzi, utapaliwa na sukari. Zilizobaki hukaa wiki tatu kwenye bati lililofungwa vizuri.