Bunduki nyepesi ya kuwindia, angalia haya kwanza

Watu wakisikia bunduki ya kilo 2.5 wanaikimbilia, na kweli ukipanda nayo mlima kutwa nzima unaona tofauti, lakini uzito ukipungua teke, yaani ule msukumo wa bunduki begani unapofyatua, linaongezeka, hiyo haikwepeki. Kwa hiyo mi nasema chukua risasi ya wastani kama 6.5 Creedmoor au 7mm-08, achana na magnamu, zile risasi zenye baruti nyingi na teke kali, ukizitumia utaanza kufumba macho kabla hujafyatua halafu mnyama anajeruhiwa bure, kitu ambacho sikipendi kabisa. Mtutu mwembamba nao unapata moto haraka, ukipiga mfululizo risasi zinaweza kuanza kutawanyika, ila porini ile ya kwanza ndo yenye kazi. Na ipime ikiwa na darubini, mkanda na risasi zake, maana ule uzito wa kwenye tangazo mara nyingi ni wa bunduki tupu.