Kopo linasema Uholanzi, unga unasema nini?

Nauza maziwa ya kopo ya watoto wachanga hapa Kirumba, Mwanza, na akina mama huniuliza: "Kaka, haya kweli ni ya Uholanzi?" Lebo huchapishwa popote. Unga wenyewe ni mgumu kuughushi: maabara huweza kupima chimbuko lake.

Ng'ombe hunywa maji ya mahali alipo, na oksijeni ya maji hayo ina atomu nyepesi na nzito. Jua linapopiga ziwa letu, nyepesi hutangulia kupaa, nzito huzidi kubaki. Kwa hiyo maji ya Ziwa Victoria hayalingani na mvua ya Ulaya, na tofauti hiyo huingia kwenye maziwa. Kaboni nayo hufichua malisho: mahindi huacha alama tofauti na majani ya nchi za baridi.

Ugumu uko kwenye mchanganyiko. Mafuta ya mimea na laktosi (sukari ya maziwa) huweza kutoka nchi nyingine kabisa, hivyo maabara huweza kuitenga kwanza kasini, protini ya maziwa yenyewe.

Mwaka 2008 nchini China, maziwa yenye melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, yaliwadhuru watoto wapatao 300,000, sita walifariki. Kipimo hiki cha chimbuko hakioni sumu, lakini humbana anayedanganya kuhusu nchi maziwa yalikotoka. Nataka mzigo wangu upimwe kabla sijaupanga rafuni.